Nambari Kumi na Mbili

Nilifika na fomu, kalamu mbili, futi ya chuma
na barua ya ofisi, muhuri wake umekolea upande mmoja tu.
Hekalu lile halina barabara. Basi unaliacha penye tanuri la matofali,
unakata shamba la dengu, viatu vinabeba udongo,
ndipo kuta zinachomoza,
nyeusi kwa mvua za miaka mia tisa.

Halke, mlinzi, alikuwa ameketi ngazini,
kufuli iliyokatwa imelala mapajani mwake kama kinda aliyeanguka.
Hakuniamkia.
"Walikuja na mvua," alisema. "Mbwa walimlisha kitu."

Vua viatu. Vua na mkanda, ni ngozi.
Bi Phulrani Singhai, mshika funguo, akatangulia akifagia
kwa ufagio laini, polepole, akiwaomba sisimizi wapishe.
Mtu ameporwa usiku,
asubuhi anamtaka radhi mdudu:
hilo halikuwa na safu kwenye fomu yangu.

Nikaandika nilichoagizwa.
Moja: Mfungua Kivuko, ameketi, shaba, shubiri na vidole viwili.
Mbili: amesimama, mikono haigusi mapaja,
mimea imemtambaa hadi mabegani
kwa kuwa alisimama muda mrefu hata ikamdhania mti.
Tatu: mwenye kivuli cha nyoka wa vichwa saba.
Nne, tano, sita.
Bi Phulrani alizitaja bila kutazama zilipokuwa,
kama mama atajavyo wanawe, walio hai na waliozikwa,
akakosea mpangilio mara moja, akarudi, akasahihisha.
Kila moja imeacha duara safi katikati ya masizi ya taa.
Maduara kumi na moja.

Ya kumi na mbili niliikuta kifudifudi karibu na kizingiti.
Bamba la shaba, na katikati yake
limekatwa umbo la mtu aliyesimama:
kichwa, mabega, mikono, miguu, yote pengo.
Nikaandika: *Fremu. Sanamu imeng'olewa.*

Bi Phulrani akacheka. Ndiyo, akacheka, kiganja mdomoni.
"Nao walidhani hivyo hivyo!
Mwizi kaona katanguliwa na mwizi,
kalitupa ganda, kaenda zake.
Mwanangu, hapo hakijang'olewa kitu. Fundi ndivyo alivyomfanya.
Huyu ni yule aliyekwisha kuvuka.
Hana mwili, hana deni, haitwi tena akaitika.
Utamchonga vipi, kama si kwa kuondoa?"

Mkono wangu umezoea vitu:
uzito, kimo, mahali pa ufa.
Nikafuta nilichoandika, karatasi ikachubuka.
Halke akamulika tochi, nami nikapima hewa,
sentimita kumi na tisa kutoka utosi hadi nyayo,
na mwanga wa tochi ukapita katikati
ukamsimamisha ukutani mtu wa nuru,
anatetemeka kidogo, maana Halke hakuwa amelala.

Nyuma ya kitako kuna maandishi: mwaka,
na jina la aliyelitoa, mke wa mchuuzi wa chumvi.
Herufi mbili za jina zimelika.
Bi Phulrani huzisoma kila siku kwa namna yake
na kila siku, anakiri, huzisoma tofauti.

Jioni ilikuwa inakuja, na wao hawali gizani,
basi tukala mapema, chapati na dengu, maji yamechujwa kwa kitambaa.
Halke hakugusa. Alisema atakula
siku mbwa atakapoacha kumtazama vile.

Kwenye safu ya mwisho, *Thamani kwa rupia*,
niliacha wazi.

Wiki iliyofuata ofisi ilinirudishia fomu.
Ile nafasi tupu wameizungushia wino mwekundu,
na pembeni, kwa mwandiko wa haraka:
*Hapa umesahau.*
Iko mezani bado.